Springi za Nyuma

Inspekta Restuta Ndahani alimkuta mama wa mtuhumiwa kibarazani, amekaa mkekani akimenya karanga. Akamwamkia.

"Shikamoo mama."

Mama Ruthu hakuinua kichwa. Alimenya nyingine, akatupa maganda pembeni, ndipo akaitika, "Marahaba," kama mtu anayetimiza wajibu. Kisha akaita kuelekea ndani, "Luka. Wale waliokufunga pingu wamerudi."

Koplo Hasani, aliyekuwa amebeba sanduku la kielelezo, akatazama viatu vyake. Pingu zile Restuta alizifunga kwa mkono wake, mwezi uliopita, mbele ya wanafunzi waliokuwa mstarini asubuhi. Mkuu wa shule alimwomba asubiri ofisini mpaka watoto waingie madarasani. Alikataa. Mtu fulani akapiga video, na kabla ya mchana nusu ya Ihumwa ilikuwa imemwona mwalimu wa fizikia akipakiwa kwenye gari la polisi, shati limechomoka kwenye suruali.

Luka Chilongani akatoka. Alikuwa nje kwa dhamana, amesimamishwa kazi, na amekonda.

"Karibuni," alisema. Hakutoa mkono.

"Mwalimu, nina maswali kuhusu gari lako," Restuta alisema. "Safari hii nahitaji unielimishe."

Luka alilitazama sanduku. "Uliandika kwamba gari ni zima."

"Niliandika."

"Na umekuja kuuliza kama ni zima."

"Ndiyo."

Mama Ruthu aliacha kumenya karanga. Luka akawaonyesha njia ya uani.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili moja, klabu ya mashindano ya magari ya rimoti ilikuwa Kibaigwa, kwenye ghala la mahindi la Bi Mwantum, ambalo msimu ukiisha hubaki tupu na sakafu yake ya saruji ni laini kuliko barabara yoyote. Magari yenyewe ni ya urefu wa mkono, lakini hukimbia kama bodaboda kwenye lami. Katika mbio za mwisho gari la Luka liliteleza kwenye kona ya mlangoni, likapanda bomba la mpira lililowekwa kuwa ukingo wa njia, likaruka na kumpiga usoni Bi Mwantum, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai. Alipoteza jicho la kulia.

Mashahidi wawili walisema Luka na mama huyo walikuwa wamegombana. Klabu ilikuwa ikimwaga maji ya sukari sakafuni ili tairi zishike, na sukari ikaleta sisimizi hadi kwenye magunia. Bi Mwantum aliwafokea, Luka akamjibu, "Tutaonana." Kituoni, Luka alikataa kujibu swali lolote. Alisema tu kwamba rimoti ilikuwa mkononi mwake. Restuta akayaunganisha hayo, akaandika kujeruhi kwa makusudi.

Sasa wakili wa serikali alikuwa amerudisha jalada na swali moja: gari lilikaguliwa na nani? Restuta alikuwa amepima rimoti na breki tu. Alirudi kwenye picha za siku ya tukio, akazitazama upya, akaona kitu, na ndicho kilichomleta Ihumwa.

Uani palikuwa na meza yenye kioo cha dirisha juu yake.

"Kioo ni cha nini?" Hasani aliuliza.

"Huwezi kupima gari juu ya mbao iliyopinda," Luka alisema. Akarudi nyuma hatua moja na kuficha mikono mgongoni. "Mimi sitaligusa. Ni kielelezo."

"Hutaligusa. Nitashika mimi, wewe unaniambia," Restuta alisema, akavaa glavu. "Anza kama unavyomwanzishia mgeni."

"Ondoa bodi kwanza. Kuna pini nne zinazoishikilia."

Bodi ya plastiki ikatoka, chini yake yakaonekana mota, betri, mkanda na shokapu nne zilizosimama kwenye pembe zake. Kila shokapu ilizungukwa na springi ya rangi.

"Gari likikata kona, uzito wake unahama," Luka alisema. Sauti yake ilianza kuwa ya darasani. "Springi ndizo zinazoamua uzito uhame haraka au taratibu. Ukiweka laini mbele, pua inainama, tairi za mbele zinang'ata sakafu, gari linageuka upesi. Ukiweka ngumu nyuma, tairi za nyuma zinashindwa kushika na mkia unatoka. Anayetaka usukani mkali huchezea hapo. Anayetaka gari litulie hufanya kinyume."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Raphael, rafiki yangu wa Kibaigwa. Kila mgeni anaanzia kwake. Siku ya kwanza alinipa springi mbili nizibonyeze kwa vidole, akasema hapo ndipo pa kuanzia, tairi na alaimenti vinafuata."

"Wewe uliweka vipi?"

"Nyeupe mbele, hizo ni ngumu. Nyekundu nyuma, laini. Ile sakafu inateleza. Nilikubali kupoteza usukani kidogo ili mkia utulie."

Restuta aliligeuza gari juu ya kioo, pua ikamwelekea Luka.

"Nyekundu ziko mbele," alisema.

Luka aliinama. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama mbele tena. Hasani aliacha kuandika.

"Siku ile hukuona?"

"Bodi ikiwa juu huwezi kuona springi."

Restuta akaweka picha mbili kando ya gari. Ya kwanza klabu ilipiga asubuhi, kila gari lilipopimwa uzito likiwa halina bodi: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ya pili walipiga polisi jioni. "Baada ya asubuhi, uliliacha lini gari lako?"

"Kabla ya mbio za mwisho. Ukimaliza mzunguko wako unakwenda kusimama kwenye kona kuokota magari ya kundi linalofuata yakipinduka. Gari linabaki mezani."

"Jordan," Hasani alisema.

Jina hilo lilikuwa limeshatajwa kituoni. Jordan alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpinzani mkubwa wa Luka, na wiki ile alikuwa ametamba kwamba mwalimu hatamaliza mbio.

"Niliwaza hivyo pia," Restuta alisema. "Lakini video ya mashindano inamwonyesha Jordan amevaa kizibao cha waokotaji, kwenye kona ya mwisho. Mlikuwa kundi moja, sivyo?"

"Kundi moja. Alikuwa sakafuni muda wote, kama mimi."

"Basi ni mtu aliyepita tu," Hasani alisema. "Kabadilisha haraka haraka akaondoka."

Restuta aliokota kipande cha plastiki chenye ngazi, kilichochukuliwa pamoja na vifaa vya Luka. "Hiki ni cha nini?"

"Kupimia urefu wa gari kutoka chini. Unakipitisha chini ya sakafu ya gari mpaka kigome."

Alikipitisha mbele, akasoma. Akakipitisha nyuma, akasoma tena. "Hivi ndivyo unavyoweka wewe?"

"Ndivyo. Nyuma inazidi kwa nusu milimita."

"Nikitoa springi laini nyuma nikaweka ngumu, mkia unabaki palepale?"

Luka aliutazama mkia wa gari. "Hapana. Unapanda. Na pua inashuka."

"Mbona haujapanda?"

"Kuna pete hapo juu ya springi. Ukiizungusha unalishusha au unalipandisha."

"Kwa hiyo huyu mtu hakubadilisha springi akakimbia. Alikaa, akazungusha pete nne, akalirudisha gari kwenye urefu wako, hadi hiyo nusu milimita. Alijua kwamba kabla ya kwenda mstarini utapitisha kipimo hiki chini yake. Angeuacha mkia juu, ungegundua." Aliweka kipimo mezani. "Wangapi wanajua vipimo vyako, mwalimu?"

"Wengi wananiona nikipima."

"Sikuuliza wanaokuona."

Luka alivuta kiti, akakaa. Alikuwa akitazama kile kipande cha plastiki.

"Raphael," alisema. Kisha haraka, kama anayetaka kulirudisha jina mdomoni, "Lakini Raphael ndiye aliyekuwa akiniletea chakula rumande. Kila siku, afande. Muulize koplo."

"Ni kweli," Hasani alisema.

"Kundi lililokuwa likikimbia wakati huo, yeye alishindana?"

"Betri yake iligoma. Alibaki mezani."

Restuta alirudisha bodi juu ya gari. "Swali la mwisho. Mbio zilipoanza, hukulihisi gari limebadilika?"

"Sikuhisi kitu," Luka alisema. Alikiambia kioo.

Mlangoni Restuta alisimama. "Mwalimu, siku ile shuleni..."

"Kielelezo chako kimetimia?"

"Ndiyo."

"Basi nendeni salama."

Mama Ruthu alikuwa ameinua kichwa sasa, anawatazama. Restuta alipita mbele yake akiwa na maneno yake mdomoni, akaingia kwenye gari.

Kibaigwa walifika mchana. Mahindi yalikuwa yameanza kushuka sokoni na malori yalijipanga pande zote mbili za barabara ya Dar es Salaam, madalali wakipita katikati yao na simu masikioni. Duka la vipuri la Raphael Msanjila lilikuwa mkabala na mzani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ndevu zilizoanza mvi. Alipowaona alitoa viti kabla hajaulizwa.

"Karibuni. Luka hajambo?"

"Hajambo," Restuta alisema. Alifungua sanduku, akaliweka gari juu ya kaunta, akaondoa bodi. "Nimeambiwa kila mgeni wa klabu anaanzia kwako."

"Wananipamba tu."

"Mimi ni mgeni. Gari hili halitulii kwenye kona. Ningekuletea, ungeniambia nianzie wapi?"

Raphael alijifuta mikono kwa kitambaa, akarudia kuifuta. "Tairi," alisema. "Tazama kama zimelika sawasawa. Halafu alaimenti. Za mbele ziachie kidogo zitazame nje, gari linaingia kona upesi. Za nyuma zitazame ndani, ndiyo inayoshika mkia. Halafu usukani, hakikisha unarudi katikati ukiuachia. Uzito wa kushoto na kulia ulingane, unaweza kusogeza betri. Na mkanda usikaze sana."

Alieleza vizuri, bila kubabaika, kidole chake kikipita kutoka tairi hadi tairi. Restuta alisubiri mpaka kikarudi mfukoni.

"Umemaliza?"

"Hapo litatulia."

"Mwalimu Luka alisema somo lako la kwanza ni springi. Siku ya kwanza ulimpa mbili azibonyeze." Alizionyesha kwenye gari. "Kidole chako kimezipita zote nne na hukuzitaja."

Nje lori lilipiga honi. Mteja aliingia kuuliza fanibelti, Raphael akatikisa kichwa, mteja akatoka. Kisha akaenda mlangoni mwenyewe, akaurudisha mlango nusu, akabaki amewapa mgongo.

"Nilitaka ashindwe siku moja tu," alisema.

Hasani akafungua kalamu. Restuta alimwambia Raphael kwamba si lazima aseme, na kwamba atakachosema kitaandikwa na huenda kikatumika mahakamani. Raphael aliitikia kwa kichwa.

"Nilimfundisha mimi. Nilimletea hata gari lake la kwanza. Msimu huu sijamshinda hata mara moja. Vijana wakaanza kupita mezani kwangu wananisalimia, halafu wanampelekea yeye magari yao. Siku ile betri ikagoma, nikabaki peke yangu pale mezani, gari lake liko mbele yangu. Nikasema, mkia ukimtoka mara mbili tatu atapunguza mwendo, Jordan atapita, basi. Tutacheka. Wallahi sikuwaza mlango. Sikuwaza mtu."

"Na baadaye?"

"Mama Mwantum alipoanguka nilifungua mdomo niseme. Nikaona damu. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake mkamkamata. Nikasema polisi wataona wenyewe, watamwachia. Hamkuona."

Restuta alimwashiria koplo aliandike hilo pia.

"Nikawa nampelekea wali rumande," Raphael aliendelea. "Ananishukuru. Anashika nondo, ananishukuru. Mimi natazama sakafu. Kila siku niliyonyamaza, siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi." Aligeuka kwa mara ya kwanza. "Lakini kuna kitu sikielewi, afande. Luka analijua gari. Mzunguko wa kwanza tu angelihisi. Nilitegemea apunguze. Hakupunguza. Aliongeza."

Restuta alitoka nje, akasimama kivulini mwa lori, akapiga simu Ihumwa. Luka alipokea mara moja.

"Ni Raphael," Restuta alisema. "Amekiri."

"Yuko sawa?" Luka aliuliza.

"Yuko hapa. Mwalimu, anasema ungelihisi gari mzunguko wa kwanza."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na sauti ya Luka ikashuka, kama hataki mama yake asikie.

"Halijawahi kukata kona namna ile," alisema. "Nilikuwa nagusa usukani tu, limeshageuka. Kona ya mlangoni mkia ulitoka, nikaurudisha. Ukatoka tena. Nilijua si gari langu. Kanuni ya klabu iko wazi, ukiona gari halina utulivu unalitoa njiani. Lakini nilikuwa namwacha Jordan, watu wanashangilia. Nikasema imebaki mizunguko michache." Alivuta pumzi. "Ungeniuliza kama gari lilikuwa zima ningelazimika kusema kwamba nilijua halikuwa zima. Mama yule jicho lake limekwenda kwa sababu nilikuwa nafurahia usukani."

"Kwa hiyo ukanyamaza ukakubali kuitwa mtu aliyekusudia."

"Ilikuwa rahisi kukaa ndani kuliko kulisema hilo mbele yake."

"Utaandika maelezo upya kesho. Yote haya."

"Nitakuja mwenyewe," Luka alisema. "Usitume gari."

Raphael aliketishwa kiti cha nyuma, na Hasani pembeni yake. Restuta aliendesha kuingia mitaa ya nyuma ya soko, akaegesha mbele ya nyumba ya Bi Mwantum. "Bakini humu," alisema.

Bi Mwantum alikuwa sebuleni, amejifunika kanga kichwani, upande mmoja wa uso umefungwa bandeji safi. Waliamkiana. Alimwambia Restuta akae popote, naye akakaa kwenye stuli iliyokuwa karibu na mlango. Alieleza kazi ya siku hiyo tangu mwanzo: springi, pete, Raphael, simu ya Luka. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mbele ya hakimu. Bi Mwantum alisikiliza akiwa ametazama mbele.

"Kwa hiyo Luka hakunilenga," alisema mwishoni.

"Hakukulenga. Hakuna aliyekulenga, mama."

"Wewe ulikuja hospitali ukaniambia alinilenga. Nilikuwa bado nina dawa ya usingizi. Mimi sikuwa nimesema hivyo. Ni wewe uliyesema."

"Ni mimi."

"Tangu siku hiyo nalala najiuliza nimemfanyia nini kijana yule hata anichukie kiasi cha kunitoa jicho. Nikawakumbuka wale sisimizi. Nikasema labda maneno yangu yalizidi. Nikawaambia watoto wangu, jamani, nyie msiwe na mdomo kama wa mama yenu." Alivuta kanga ikakaa vizuri. "Nimejilaumu kwa jicho langu mwenyewe. Jicho lina maumivu yake, lakini hilo lilizidi."

Restuta alisogea mbele kwenye stuli. "Nilikosea, mama. Sikukagua gari. Nilitaka kesi iishe, na nilitaka watu waone imeisha. Nilimdhalilisha mtu shuleni kwake, na wewe nikakupa uadui ambao haukuwapo. Nimekuja kuomba radhi. Raphael naye yuko nje kwenye gari, kama utataka kumwona."

"Asishuke. Leo sina nguvu ya wote."

Sokoni mtu alikuwa anahesabu magunia kwa sauti, na wapagazi wanamwitikia. Kisha Bi Mwantum aligeuza kichwa taratibu, akautafuta mlango kwa jicho lililobaki, lakini bandeji ikamzuia.

"Umekaa upande nisioona," alisema. "Tangu umeingia nazungumza na ukuta. Beba hiyo stuli, njoo huku nikuone, uyaseme tena."

Restuta alisimama. Aliibeba stuli, akauzunguka mkeka, akaketi upande wa kushoto wa Bi Mwantum, magoti yao yakakaribia kugusana. Jicho lile moja lilimtulia usoni bila kupepesa. Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mapajani, akaanza upya.